Sauti ya Upande Mmoja

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mdogo wangu,

Jana asubuhi nimepoteza hospitali. Sisemi oda moja, nasema hospitali, na unajua kwamba katika kila shuka kumi zinazopita kwenye mashine zangu, sita ni zao.

Nakuandikia kwa karatasi na kuituma kwa dereva wetu anayeleta mapazia ya hoteli huko mjini kwako. Simu zako ndizo zenye kesi, na mshtakiwa hapewi hati ya mashtaka aibebe mwenyewe. Ile ya mkononi nayo ukiiona namba yangu uko kikaoni. Sijui hivyo vikao vinaisha lini.

Kisa ni hiki. Sheria yetu na hospitali unaijua, ilianza tangu nafua kwa mabeseni: metroni anasoma oda, mpokea simu wetu anairudia neno kwa neno, ndipo inakuwa oda. Isiyorudiwa si oda. Haijawahi kuandikwa popote na haijawahi kuvunjwa. Jana gari letu limefika getini na gauni za upasuaji na shuka za wodi ya wazazi, hesabu kamili, zimepigwa pasi, na kukuta gari la dobi mwingine linashusha mzigo uleule. Madereva wawili wanatazamana kama wake wenza. Metroni akatoka akamwambia wetu arudi na mzigo wake. Anasema alipiga, Chiriku wetu wa mapokezi akapokea, akasomewa oda, akamnyamazia. Akapiga tena, akanyamaziwa tena. Madaktari wanangoja gauni, akaita wengine.

Nimemwambia Chiriku akae nyumbani mpaka nimwite. Analia na kuapa kwamba aliirudia oda yote. Huyo binti nimekaa naye mapokezi miaka mingi na sikuwahi kumwona amefunga mdomo hata akila, lakini metroni naye si mtu wa kuzua.

Wewe ndiye uliyeng'oa simu zangu za waya na kuniwekea hizi za intaneti. Uliniambia zitasikika kuliko za zamani. Basi niambie: simu inaweza kuita, ikapokelewa, na sauti isifike? Ndiyo au siyo. Dereva anarudi Jumatatu jioni, mpe jibu.

Dada yako

*

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kwa mteja wetu mpendwa,

Tunakushukuru kwa kutuandikia. Malalamiko yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Uchunguzi wa awali unaonyesha kuwa simu zilizopigwa kutoka hospitali asubuhi ya tarehe 7 zote ziliita na zote zilipokelewa upande wako. Mfumo ulikuwa mzima. Tunashauri kisanduku cha intaneti kizimwe na kuwashwa upya, na wafanyakazi wakumbushwe matumizi ya kitufe cha kuzima sauti.

Kitengo cha Mitandao

(Dada, hiyo ya juu ni lazima niandike hivyo, bosi anapitia kila kitu kinachotoka. Nimekagua mwenyewe, huku kwenye kioo kila kitu ni kijani. Nadhani huyo Chiriku wako aligusa kitufe bila kujua. Usimfokee sana. Msalimie mama. Mdogo wako.)

*

Jumanne, tarehe 12 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeonyeshwa na mpiga pasi wako ile barua ya kaka fundi, usimgombeze, nilimlazimisha.

Kwanza nicheke. Mimi, Chiriku, nimefukuzwa kwa kosa la kunyamaza. Nimewasimulia nyumbani, shangazi akasema hao watu wamekufukuza wewe au wamekosea mlango?

Sasa niseme ya kweli. Hicho kitufe anachokisema kikibonyezwa kinawaka taa nyekundu kubwa, mtu wa meza ya pasi ya mwisho anaiona. Waulize wote. Haikuwaka. Metroni mimi nilimsikia kama yuko pembeni yangu, mpaka alivyokohoa. Alipokuwa anasoma mimi tayari nilikuwa narudia, unanijua, simngoji mtu amalize. Akakata. Nikasema huyu leo ana haraka. Akapiga tena, akasoma tena, nikarudia tena kwa haraka zaidi, akakata tena. Nikampa dereva hesabu. Ningejuaje kwamba upande wa pili hakuna anayesikia? Na simu yangu ya mkononi iko kwenye droo yako, imefungwa na ufunguo unao wewe, tangu yule aliyeunguza gauni akichati.

Mama, usiniamini mimi wala kaka fundi. Kaa kwenye kile kiti mwenyewe. Metroni akipiga, pokea.

Chiriku

*

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Kwanza, mimi si mteja wako mpendwa. Mteja mpendwa hakukubeba mgongoni. Ukiniandikia tena, andika kama mtu.

Jana Jumatano nilikaa kwenye kiti cha Chiriku. Nilizima kisanduku na kukiwasha kama ulivyoshauri. Saa nne simu ikaita, taa ya hospitali. Nikapokea, nikasema shikamoo. Metroni akasema, "Halo?" Nikasema, "Nakusikia, metroni." Akasema, "Halo, kuna mtu hapo?" Nikasema tupo, mimi mwenyewe nipo. Nikaanza kuomba radhi ya Alhamisi, nikaomba kwa moyo wangu wote, unajua mimi si mwepisi wa radhi. Nikamaliza. Kisha nikamsikia anamwambia mtu aliye karibu naye, "Wamepokea tena na wananikalia kimya. Nilitaka kumpa yule mama nafasi ya kujieleza, kumbe ndiye aliyewafundisha jeuri." Akakata.

Mtu anaomba radhi, na radhi yake inageuka kuwa tusi la pili. Sijui kama kwenye kile kioo chako hilo nalo lina rangi ya kijani.

Nikaingia kwenye gari na aproni yangu, nikaenda hospitali. Metroni amenipokea amesimama. Nikamwambia simu zimeharibika. Akanijibu, "Nilikupigia, ikaita, ukapokea. Simu mbovu haipokelewi." Na barua yako, niliyomwachia kuonyesha kwamba nililalamika, inasema hivyohivyo: zote ziliita, zote zilipokelewa. Umemwandikia ushahidi. Sasa amepeleka suala letu kwenye kamati yao, inakaa Ijumaa tarehe 22 asubuhi kuamua kama mkataba unaendelea au unapewa yule wa gari la pili. Simu za wodini kwao haziruhusiwi kupiga namba za mkononi, kwa hiyo hata hilo haliniokoi.

Chiriku nimemrudisha. Sikumwomba radhi kwa maneno, nimechoka na radhi wiki hii. Nimempa ufunguo wa droo. Lakini sikumrudisha mapokezi: nimemweka kwenye benchi la korido nje ya ofisi ya metroni. Akipewa chochote anakirudia palepale uso kwa uso, kisha anampigia dereva kwa simu yake ya mkononi. Simu yangu siku hizi ina miguu, na inaongea kuliko ile ya kwako. Yule dobi mwingine ndiye anayepewa gauni na shuka. Sisi tumeachiwa mapazia na blanketi, tunavuta siku. Wanawake wa meza za pasi wanaondoka mchana kwa sababu hakuna cha kupiga pasi. Wananiaga kwa heshima sana, na hiyo heshima ndiyo inayoniumiza.

Nilipotoka hospitali nilikupigia ofisini kwako, kwa hizihizi simu zako za intaneti, namba ya mezani kwako. Ulipokea.

Nakuuliza mara ya pili, na safari hii usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mmefanya nini kwenye mtandao wiki ile? Kwa nini wateja wengine wote wananisikia isipokuwa hospitali?

Dada yako

*

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Naandika nyumbani, si ofisini, na bosi hataiona.

Ni kweli kuna kitu. Kila simu ya intaneti ina anwani, kama nyumba. Anwani za zamani, tunaziita toleo la nne, zimekwisha duniani, kwa hiyo mitandao inahamia toleo la sita, ambazo ni nyingi hazihesabiki. Hatuwezi kuhamisha watu wote kwa siku moja. Hospitali tuliihamisha Jumatano ya tarehe 6 jioni, kesho yake ndiyo Alhamisi yako. Wewe bado uko anwani za zamani. Ofisi yetu pia imehama, pamoja na simu ya mezani kwangu. Nyumba hizi mbili hazielewani, kwa hiyo katikati tumeweka mashine ya kutafsiri anwani.

Sasa metroni akipiga, simu yake inatuma kwanza ujumbe wa kuita. Huo ni kama barua: juu ya bahasha kuna anwani, na ndani imeandikwa anwani nyingine, "sauti yako niletee hapa." Mashine yetu inatafsiri bahasha lakini haifungui barua. Kwa hiyo simu yako inaita, unapokea, unamsikia, maana simu za kule zina ujanja wa kuijua njia ya kuja kwako. Ila simu yako inafungua barua, inakuta ndani anwani ya toleo la sita isiyoijua, na sauti yako inakosa pa kwenda. Haifiki popote. Ndiyo maana kumbukumbu zetu zilionyesha kijani. Zinahesabu kama simu imepokelewa, hazihesabu kama mtu amesikika.

Dawa ipo. Ni mashine nyingine ya kusimama katikati, sauti zote zipite kwake, imtafsirie kila mmoja. Tunaifunga Alhamisi. Baada ya hapo utasikika.

Barua ya kwenda hospitali ambayo najua utaniomba, siwezi. Hospitali ni wateja wetu pia, na waliahidiwa kwamba wakihama hakuna atakayejua hata kama wamehama. Nikiandika kwamba sisi ndio tuliowaziba masikio, kazi sina tena. Wewe na metroni mnajuana, mweleze tu kwa mdomo.

Na usidhani ulionewa. Wateja wa majaribio ya kwanza, wawili wawili, mmoja abaki anwani za zamani na mwenzake ahame, walichaguliwa na kompyuta, kama kura. Jina la udobi wako lilitoka tu, la hospitali kwa kuwa mnapigiana likaja nawe. Bahati mbaya.

Jumatano ulipopiga sikusikia kitu, laini ilikuwa imekufa. Samahani. Mama anaendeleaje na miguu?

Mdogo wako

*

Jumanne, tarehe 19 Machi

Kwa Mama Dobi,

Salaam. Nimeongea na huyo binti wako wa benchini, au niseme yeye ameongea nami, kwa sababu mimi sikupata nafasi. Amenieleza habari za bahasha na barua ya ndani kama alivyoelezwa na wewe. Huenda ni kweli. Nguo zako sina ubaya nazo hata siku moja, na gauni za huyo mwenzako zina mikono iliyokakamaa, madaktari wananung'unika.

Lakini kamati haikai kwa huenda. Fundi wenu ni ndugu yako wa tumbo moja, na kila mtu hapa anajua. Maneno ya dada wa fundi hayatoshi. Karatasi pekee iliyopo mezani ni ile ya kampuni yake uliyoniachia mwenyewe, inayosema mfumo ulikuwa mzima na simu zilipokelewa. Nikipata nyingine ya kuikanusha, yenye sahihi na cheo cha fundi mwenyewe, kabla kamati haijakaa saa tatu asubuhi ya Ijumaa, nitaisoma kwa sauti. Nisipoipata nitasoma iliyopo.

Metroni

*

Jumatano, tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ya bahasha nimeielewa. Umeeleza vizuri, ungeeleza hivyo tarehe 11, Chiriku asingelala nyumbani kwa aibu wiki nzima. Naamini kila ulichoandika kuhusu mashine. Kilichonishinda kuamini ni kile cha kompyuta na kura.

Nikukumbushe Jumatano ile niliyokupigia ofisini. Unasema laini ilikuwa imekufa. Fikiria tena, wewe ndiye mtaalamu. Simu ya mezani kwako imehamia toleo la sita, umeniandikia mwenyewe. Mimi niko toleo la nne. Kwa maelezo yako mwenyewe, nani hasikii na nani anasikia?

Uliposema "Halo" nilikusikia. Nikasema ni mimi. Ukasema "Halo" ya pili, kisha ukamwambia mwenzako, na ulikuwa unatafuna kitu, "Ni namba ya dada. Ile ya upande mmoja tena, kama ya hospitali." Kumbe ulijua, na siku mbili kabla ulikuwa umeniandikia kuhusu kitufe. Mwenzako akakuuliza, huyo si atatushtaki? Ukacheka. Ukasema, "Dada? Ndiyo maana nilimpendekeza yeye. Mteja mwingine angekuja na wakili, dada atakuja na manung'uniko. Mwache aongee na ukuta." Ukaweka mkono wa simu mezani bila kukata. Nikasikia unakoroga chai. Nikasikia kijiko.

Sikukata. Nilikaa kwenye kile kiti nikakusikiliza unavyofanya kazi. Umemsaidia mzee fulani kupata intaneti yake, kwa upole sana, unamwita baba. Nikawaza, huyu kijana ana sauti nzuri akiongea na watu wa nje.

Barua ya tarehe 14 niliiandika nikiwa nimeshayasikia hayo. Nilikuandikia tu kwamba ulipokea. Nilikuachia mlango wazi uingie mwenyewe. Ukanijibu laini imekufa. Mama ananiuliza kwa nini sikusemi siku hizi, nikamwambia una kazi nyingi. Miguu yake haijambo.

Nitakwambia kinachoniuma, na si kwamba umekosea. Umepatia. Mimi maisha yangu yote napiga hesabu, shuka ngapi, sabuni kiasi gani, mashine ipi inakula maji, na nikiiona hesabu nzuri naitambua. Ulikaa ukapima: nani akipata hasara hatapeleka kesi? Ukapata jibu sahihi. Sitakushtaki. Nani amshtaki mtoto aliyemlea? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ni dobi, ningepaswa kukagua mifuko kabla ya kufua.

Ila umesahau kuhesabu watu wengine. Kuna wanawake kwenye meza za pasi ambao si dada zako. Kuna Chiriku, aliyeitwa mwongo kwa maandishi yako. Hao hawakukupikia uji. Hao ndio watakaorudi nyumbani Ijumaa kama kamati itasoma karatasi iliyopo. Mashine yako ya katikati unaifunga Alhamisi, vizuri, nitasikika. Nitasikika na nani, kama hospitali imeondoka?

Sitaki unieleze tena habari za anwani. Sitaki pole. Usinipigie kwa simu ya aina yoyote, maana ukiongea unanilainisha, na nimechoka kulainishwa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi moja nimeichapa. Haina hata neno moja la ugomvi wetu. Inasema hivi: kwamba hospitali ilihamishiwa anwani mpya jioni ya tarehe 6, kwamba kuanzia hapo sauti ya udobi haikufika hospitali ingawa simu zilipokelewa, kwamba kosa lilikuwa la mashine ya mtandao, si la mpokea simu wala la wodi, na kwamba barua ya tarehe 11 ilikosea. Nimetumia maneno yako mwenyewe ya tarehe 18, nimeyanyoosha tu kama nguo. Chini kuna nafasi ya jina lako, cheo chako na sahihi. Majaribio sikuyataja. Kwamba ulinichagua sikutaja. Hilo ni letu, tutalimaliza mbele ya mama au hatutalimaliza.

Najua unaweza kupoteza kazi. Nimelipima hilo pia, sikulifumbia macho. Ukifukuzwa, mlango wangu unaujua na chumba chako cha zamani kina mapazia safi. Wanawake wangu wakifukuzwa, hawana dada mwenye udobi.

Dereva atakuwa nje ya geti la ofisi yenu kesho Alhamisi tangu asubuhi. Ana maagizo mawili tu: karatasi ikija na sahihi, aje nayo moja kwa moja mpaka hospitali ampe metroni mkononi, isipokuja, aondoke bila kukuuliza. Asipoondoka kwenu saa kumi hawezi kumkuta metroni kabla hajatoka zamu, na Ijumaa asubuhi sitaki kubahatisha, kwa hiyo hatangoja hata ukimpungia mkono dirishani.

Utatia sahihi, au hutatia? Nataka neno moja, kabla ya saa kumi kesho.

Dada yako